Kumbi za sanaa Arusha na Moshi, marekebisho yaanzie getini

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie kumbi zetu za sanaa huku kaskazini, kuna jambo nimelibeba muda mrefu na sasa naona nikizidi kunyamaza sitakuwa natenda haki. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu kubwa ni mavazi ya jukwaani, majoho ya kwaya, nguo za vikundi vya ngoma na sarakasi, maigizo ya shule, mpaka hawa machalii wa dansi wa mtaani, wateja wangu wengi wako hapa Arusha na wengine Moshi. Kwa hiyo shoo nyingi kubwa mi niko nyuma ya pazia na sindano mkononi, na ukiwa pale nyuma unaona kitu ambacho msanii mwenyewe hakioni maana yeye mataa yanampiga machoni, mi nachungulia ukumbini naona nani kakaa na nani hayupo.

Wasiokuwepo ni walewale kila siku. Mtu wa kiti mwendo humuoni, kiziwi na wenzake huwaoni, anayetembelea fimbo nyeupe humuoni, bibi wa miaka sabini humuoni, mama wa mtaa wa Unga Limited na watoto wake watatu humuoni, na mzazi mwenye mtoto wa usonji (autism) huyo ndo kabisa. Alafu shoo ikiisha viongozi wa kikundi wanakaa wanahesabu viti vilivyobaki vitupu wanasema watu wa Arusha hawapendi sanaa, wanapenda mpira na nyama choma. Hapo siwaungi mkono hata kidogo. Watu haohao mbona wanajaza mashindano ya kwaya? Mbona ngoma ikipigwa kwenye harusi pale Ngarenaro mtaa mzima unatoka, wazee kwa watoto, na aliye kwenye kiti mwendo anasukumwa mpaka mbele kabisa na hakuna anayeshangaa? Watu sanaa wanaipenda sana. Tunaowapoteza tunawapoteza kati ya barabara na kiti, hapo katikati, na hapo ndo hakuna anayepaangalia kwa sababu hela yote na akili yote imeishia kwenye jukwaa, spika na mataa.

Nianze na geti. Kuna ukumbi mmoja hapa mjini, sitautaja, nilikuwa nimesimama nje nasubiri mzigo wa nguo ushushwe kwenye bajaji, akaja mama mmoja mtu mzima, kavaa kitenge chake kizuri na kilemba, kaja kumuangalia mjukuu wake anacheza. Askari akamsimamisha, "mama unaenda wapi, una shida gani," kwa sauti ile ya kumfukuza mtu, wakati muda huohuo vijana wawili wamepita pembeni yake na simu zao nzuri wala hawakuulizwa kitu. Yule mama akajibu kwa upole kabisa, nimekuja kwenye shoo mwanangu, na tiketi ameishika mkononi. Akaingia, ndiyo, lakini nilimuona alivyokaa, kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba kaupakata, kama mtu anayesubiri kuambiwa atoke. Mama wa namna hiyo umemkaribisha au umemvumilia? Na wale majirani zake wa mtaani atakaporudi atawasimulia nini? Askari wa getini ndo mtu wa kwanza wa ukumbi kuongea na mteja, na mara nyingi ni kijana wa kampuni ya ulinzi ameletwa siku hiyohiyo hajaambiwa hata shoo inahusu nini. Mwiteni nusu saa kabla, mwambieni leo watakuja wazee, watakuja watoto, atakuja mtu wa kiti mwendo aingilie mlango huu, choo kiko kule, na mtu yeyote akifika neno la kwanza ni karibu. Hilo halihitaji mfadhili.

Lingine ni lugha. Arusha tumezoea wageni, mji wetu unaishi kwa utalii na sina ugomvi na hilo, mgeni naye ni mtazamaji na hela yake ina kazi. Lakini unakuta bango la maigizo ya Kiswahili, wasanii wa Kaloleni na Sombetini, limeandikwa Kiingereza kitupu kuanzia juu mpaka chini, na MC akipanda anasalimia Kiingereza dakika kumi huku robo tatu ya ukumbi wanaangaliana. UNESCO ilishatangaza tangu 2021 kwamba Julai 7 ni siku ya Kiswahili duniani, tunaadhimisha vizuri kabisa kwa mashairi na ngonjera, sasa hiyo heshima ibaki hata Jumamosi ya kawaida. Kiswahili kiwe juu, kwa maandishi makubwa ambayo hata mzee mwenye miwani anasoma akiwa kwenye daladala, na Kiingereza kikae chini yake kwa mgeni.

Na hii hali ya ukumbi kuonekana wa watu fulani haikuanza jana. Maigizo ya jukwaani ya namna ya kizungu yaliingia huku yakiwa ya watu wachache tangu mwanzo, Waingereza walianzisha Little Theatre yao Dar es Salaam mwaka 1947 na Arusha wakaanzisha ya kwao mwaka 1953, wakiigiza wao na kuangalia wao. Wazee wetu wa wakati huo sanaa walikuwa nayo tele, ngoma uwanjani, watu wanazunguka duara, hakuna ngazi, hakuna geti, bibi anawekewa kigoda, mtoto analia mama yake anampakata hapohapo na ngoma haisimami. Tumepata uhuru, tumejenga chuo cha sanaa Bagamoyo mwaka 1981, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaundwa kwa sheria ya 1984, wasanii wetu wamesoma na wanajua kazi, ila ule utaratibu wa nani anaingia ukumbini na anaingiaje tumeuacha karibu vilevile. Mimi naona tungeuchukua uwanja wa ngoma tukauingiza ndani ya ukumbi, hiyo ndo tabia yetu wenyewe, hatuiigi kwa mtu.

Kuhusu kiingilio nisiongee sana maana kila mtu anajua. Kikiwa elfu 10 kwa kichwa, mama na watoto watatu ni elfu 40 na hapo hajagusa nauli wala soda. Wekeni bei ya familia, wekeni shoo moja kwa mwezi ya lipa unachoweza, na mtu mwenye ulemavu anayehitaji msindikizaji huyo msindikizaji asilipe, maana hakuja kustarehe, kaja ili mwenzie aweze kufika. Huko Uingereza kumbi nyingi zinafanya hivyo na hazijafungwa.

Muda sasa. Shoo imeandikwa saa mbili usiku, pazia linafunguliwa saa tatu na nusu, linafungwa karibu saa sita. Mtu wa Kwa Mrombo au Moshono atarudi na nini? Hiace zimeshalala, bodaboda usiku huo dada peke yake anaogopa na ana haki ya kuogopa, na mtu wa kiti mwendo bodaboda haimfai kabisa inabidi akodi bajaji au taksi ambayo bei yake usiku imepanda. Moshi ni hivyohivyo, mtu wa Pasua au Rau anapiga hesabu ya kurudi kabla hajapiga hesabu ya tiketi. Wekeni shoo saa tisa alasiri Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, na saa tisa iwe saa tisa kweli. Mtaona mabibi wataibuka, mtaona watoto, mtaona wafanyakazi wa ndani ambao Jumapili ndo siku yao ya kupumzika.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Ukumbi wa watu 300 hapo ungetegemea uone zaidi ya watu 30. Mi nachungulia pazia nahesabu, mara nyingi sipati hata mmoja.

Kuna binti mmoja mcheza dansi, anatumia kiti mwendo, alikuja kwangu nimshonee gauni la shoo. Kumshonea mtu anayecheza akiwa amekaa ni kazi yenye hesabu zake na niliifurahia sana. Gauni la kawaida mtu akikaa linajikunja tumboni, kwa hiyo mbele ya kifua unalipunguza urefu, alafu sketi ya mbele unaiongeza ili ianguke vizuri kupita magoti, nyuma unaikata kabisa maana kile kitambaa anakikalia tu kinamuumiza. Zipu ya mgongoni hapana, akiegemea inamchoma, unaihamishia ubavuni. Kwapani unaongeza kipande ili mkono uzunguke bila kuvuta gauni zima juu, na mikono ya gauni inaishia kwenye kiwiko, ikifika kwenye kifundo tairi itainasa. Tulijaribu, tukapunguza, tukajaribu tena, mpaka siku ya mwisho kwenye mazoezi akazunguka na kile kiti kwa mkono mmoja na sketi ikafunguka kama alivyotaka, wote pale tulipiga makofi.

Siku ya shoo tunafika ukumbini, jukwaa lina ngazi nne na hakuna njia nyingine ya kupanda. Chumba cha kuvalia kiko juu, ngazi tena. Ikabidi dada mmoja ambadilishie nguo nyuma ya gari, wengine wakashika kanga mbili kumzungushia. Wakaja vijana wanne wenye roho nzuri tu wakasema usijali sista sisi tutakubeba tukupandishe. Akawaambia, "Mimi nimekuja kucheza, sijaja kubebwa." Na hakupanda. Alichezea chini, mbele ya jukwaa, mataa yote yamelengwa juu kwa hiyo yeye alicheza nusu gizani, na waliokaa kuanzia safu ya sita kwenda nyuma walikuwa wanasimama kwenye vidole waone nini kinaendelea. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nalia kwa hasira, kwa sababu kitu kilichokosekana pale ni mbao.

Mbao tu. Mafundi wanaojua hizi njia za mteremko wanafuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili, maana yake kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu, ukizidisha mwinuko mtu hawezi kujisukuma mwenyewe na akishuka anaweza kupinduka. Kwa mfano ngazi moja ya mlangoni ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8 basi. Jukwaa la sentimita 60 linataka mita 7.2, ni ndefu ndiyo, lakini unaipinda ikafuata ukuta wa pembeni, na seremala mzuri anaitengeneza ya vipande vya kufungua ikawekwa stoo shoo ikiisha. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, chooni pawe na nafasi ya mita 1.5 kiti kigeuke, na mlango wa choo ufungukie nje. Na ukumbini msimuweke mtu wa kiti mwendo kwenye kona nyuma peke yake kama mzigo uliosahaulika, toeni kiti kimoja cha pembeni mwa njia kwenye safu za katikati, akae yeye na aliyekuja naye wakae pamoja kama watu wengine walivyokaa na wenzao.

Naona tukiongelea ulemavu na sanaa watu wanafikiria watazamaji tu, hawafikirii kwamba msanii pia anaweza kuwa na ulemavu. London mwaka 1980 Nabil Shaban, mwigizaji wa kiti mwendo, pamoja na Richard Tomlinson walianzisha kampuni ya maigizo inaitwa Graeae ya wasanii wenye ulemavu, na mwaka 1997 ikaanza kuongozwa na Jenny Sealey ambaye ni kiziwi. Huyo mama ndo alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa sherehe ya ufunguzi wa Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya London 2012, dunia nzima ikaangalia. Marekani nako tangu 1967 wana kikundi cha taifa cha maigizo cha viziwi. Sasa huyu binti niliyemshonea angekuwa huko angekuwa anafundisha wengine, hapa anachezea chini ya jukwaa.

Nikija kwa viziwi, huku ndo kuna mambo ya kusikitisha na wakati huohuo ndo rahisi kurekebisha. Niliwahi kuona shoo wameweka mkalimani wa lugha ya alama, nikafurahi sana, kumbe wamemsimamisha pembeni kabisa, taa zikizimwa na yeye anapotea gizani. Vijana viziwi walikuja kama kundi, wakakaa wakiangalia kivuli kinachotikisa mikono, mapumziko wakaondoka. Mwandaaji akasema unaona, tumewaletea mkalimani na bado wameondoka. Jamani, mkalimani anataka taa yake mwenyewe, asimame karibu na wasanii upande mmoja ujulikane, na viti vya upande huo viachwe kwa ajili yao ili waone mkalimani na jukwaa kwa pamoja bila kugeuza shingo. Apewe maandishi ya mchezo wiki moja kabla, maigizo yana mafumbo na utani, hawezi kutafsiri methali ameisikia sekunde hiyohiyo. Na alipwe, hiyo ni taaluma, asiombwe kwa kujitolea kila mara. Watu wa kazi hiyo hawapo mbali, Chuo cha Ualimu Patandi kiko hapo Tengeru na kinafundisha walimu wa elimu maalum, tunapishana nao kwenye hiace kila siku. Chama cha viziwi, CHAVITA, wapo, ukiwapelekea taarifa inafika kwenye grupu zao za wasap jioni hiyohiyo. TBC inaweka mkalimani kwenye taarifa ya habari, hatuwezi kusema hatujui inafanyikaje.

Kwa wasioona watu wananiuliza sasa asiyeona aje kuangalia nini. Swali hilo lina majibu tangu mwaka 1981 kule Washington, ukumbi unaitwa Arena Stage, mama mmoja Margaret Pfanstiehl ambaye mwenyewe alikuwa na matatizo ya kuona alianza na mwenzie, ambaye baadaye akawa mumewe, utaratibu wa kuwasimulia watazamaji wasioona kinachotokea jukwaani, mtu anavaa kisikilizio anaambiwa sasa kageuka, sasa kashika kisu, pale waigizaji wanaponyamaza. Sisi huo utaratibu tunaujua vizuri sana, ni kama mtangazaji wa mpira redioni, nani Mtanzania hajawahi kuona goli kwa masikio? Hatuhitaji hata vyombo vya gharama kuanzia, watu watano wakae safu moja na msimuliaji mmoja mwenye sauti ya chini anayejua mchezo. Pale Moshi kuna shule ya Mwereni inayosomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona, wale watoto wana masikio ya sanaa, nani kawaalika?

Na hapa mimi fundi nina kitu cha kuchangia. Kabla ya shoo, nusu saa, waleteni wasioona nyuma ya jukwaa washike mavazi. Washike ushanga wa shingoni ulivyo mzito, washike njuga, manyoya ya kichwani, washike shuka la Kimasai na lubega ilivyofungwa, wamsikie kila mwigizaji akisema jina lake na sauti atakayoitumia, wapite jukwaani wajue mlango uko wapi na kiti cha mfalme kiko wapi. Pazia likifunguliwa tayari kila kitu wanakijua kilipo. Mimi niko tayari kufanya hivyo kwa kikundi chochote ninachokishonea na sitadai hata shilingi.

Watoto wenye usonji na wazazi wao nao wana lao. New York mwaka 2011 shirika moja linaitwa TDF lilianza kuandaa shoo za Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za huko, kwa ajili ya familia hizo, sauti kali zinapunguzwa, mataa ya kumwekamweka yanaondolewa, taa za ukumbini haziwi giza totoro, mtoto akisimama, akizungukazunguka au akipiga kelele hakuna anayemgeukia kwa jicho baya, na kuna chumba cha pembeni cha kwenda kutulia alafu anarudi. Huku kwetu mzazi wa mtoto kama huyo anaambiwa toa mtoto nje, tena kwa kipaza sauti wakati mwingine. Nimemuona mama amembeba mtoto wa miaka kama minane anatoka naye huku anaomba radhi kila safu anayopita, pole, pole, samahani. Anaomba radhi kwa lipi? Shoo moja tu kwa msimu iwe ya hivyo, itangazwe wazi ni ya hivyo ili kila anayekuja ajue.

Matamasha ya uwanjani nayo yasisahaulike. Ndugu zetu wenye ualbino jua la mchana linawaharibu ngozi kabisa, wanakuja kwenye tamasha wanakuta turubai liko kwa mgeni rasmi tu. Kivuli kiwe cha watu pia. Hospitali ya KCMC hapo Moshi ndo yalikoanzia mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili yao, mkoa wenye utaalamu huo ulitakiwa uwe mfano kwa nchi nzima kwenye kuandaa shughuli za uwanjani.

Sasa kuna watakaosema haya ni mambo ya hisani. Siyo hisani, ni sheria. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inaongelea moja kwa moja haki ya kushiriki utamaduni na burudani, mpaka kumbi za maigizo na sinema zimetajwa. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010. Kwa hiyo BASATA na maafisa utamaduni wetu wa jiji na manispaa, mnapokwenda kukagua ukumbi angalieni pia huyo mtu wa kiti mwendo ataingilia wapi, msiishie kwenye vibali na risiti. Fedha za kuanzia zipo za aina mbalimbali, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mbona hatusikii kikundi cha sanaa cha watu wenye ulemavu kimekopa? Labda hawajaambiwa wanaruhusiwa. Na mji huu unajiandaa na AFCON 2027, uwanja unajengwa, wageni watakuja na wengine watakuja na viti mwendo vyao, jioni baada ya mechi watatafuta burudani. Turekebishe sasa, na turekebishe kwanza kwa ajili ya watu wetu wenyewe.

Ombi langu kwa wenye kumbi ni hili. Kabla hamjaita fundi wala mtaalamu wa kuandika ripoti, waiteni watu wanne au watano, wa kiti mwendo mmoja, kiziwi mmoja, asiyeona mmoja, bibi mmoja na mama mwenye mtoto mchanga, muwalipe siku yao kama mnavyomlipa fundi umeme. Waanzie barabarani wanaposhukia, waje getini, wanunue tiketi, waende chooni, watafute kiti, wakae. Nyie mtembee nyuma yao na daftari, msiwasaidie wala msiwaelekeze, muandike tu kila wanaposimama. Mkimaliza, SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vyake wapo, kaeni nao mpange kipi kianze mwezi huu na kipi kisubiri hela.

Na wewe Mhariri nikuombe moja, ule ukurasa wenu wa burudani za wikiendi. Mnaandika jina la shoo, ukumbi na kiingilio. Naomba muwe mnawauliza waandaaji na mambo mengine machache muyachapishe hapohapo: inaanza saa ngapi kweli na inaisha saa ngapi, mlangoni kuna ngazi au hakuna, mkalimani wa lugha ya alama yupo au hayupo, na namba ya simu ya mtu anayeujua ukumbi wenyewe ili mwenye swali apige kabla hajatoa nauli. Atakayesema hana majibu andikeni tu kwamba hakujibu.

Wako katika ujenzi wa sanaa,

Fundi wa mavazi ya jukwaani,
Sombetini, Arusha